Coral Reef Watch: kipimajoto cha bure cha matumbawe, na namna ya kukisoma bila kupotea

Kaskazi inapolegea mwishoni mwa Februari, bahari ya kuanzia Lamu mpaka Mtwara huanza kupata moto. Upepo unakufa, maji yanalala kama mafuta, na maleleji ya Machi na Aprili yanaacha joto likae juu ya miamba mpaka kusi ije kulivuruga. Ndani ya wiki hizo chache ndipo matumbawe hupauka. Mlinzi wa hifadhi, katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) na mwenye duka la kuzamia wote wanataka kujua jambo moja: je, huu ni mwaka wa kawaida, au ni mwenzake 1998, 2016 na 2024?

Huduma inayotegemewa zaidi duniani kwa swali hilo ni Coral Reef Watch, ya NOAA, idara ya Marekani inayoshughulika na bahari na anga. Bei yake ni bure kabisa. Hakuna kujisajili, isipokuwa ukitaka arifa kwa barua pepe. Lugha ni Kiingereza kitupu, na huo ni upungufu mkubwa kwa watu wanaoihitaji kuliko wote. Kila siku inatoa ramani za dunia nzima, kila kijisanduku kikiwa na upana wa kilomita 5 hivi, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi 1985.

Hukumu kabla ya maelezo: kama kipimo cha joto, ni kazi nzuri sana. Kama kipimo cha hali ya matumbawe, haijawahi kuwa hivyo, na wengi wanaolalamika kuwa "ilikosea" waliisoma kana kwamba ndivyo ilivyo. Wengine wameangalia ukurasa usiofaa tu. Makosa hayo ndiyo yatakayochukua sehemu kubwa ya tahakiki hii, kwa sababu yanagharimu watu msimu mzima.

Inahesabu nini

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake wanaishi vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo humpikia chakula kwa mwanga wa jua na kumpa rangi yake. Maji yakizidi joto alilozoea na kukaa hivyo, vijimea vinaharibika na kuanza kumdhuru mwenyeji wao, naye anavitema. Kinachobaki ni nyama angavu juu ya mfupa mweupe. Hajafa bado, ana njaa. Maji yakipoa mapema vijimea hurudi. Yakichelewa, ndani ya wiki kadhaa mfupa unaota ukungu wa kijani, na hapo mambo yamekwisha.

Kwa hiyo la muhimu ni joto limezidi kiasi gani na limekaa siku ngapi. Coral Reef Watch inaanza na joto la uso wa bahari la usiku, kwani mchana jua hupasha ngozi ya juu ya maji na kutoa namba za uongo. Halafu inalinganisha namba hiyo na wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali hapohapo, unaoandikwa MMM. Tofauti yake huitwa HotSpot. Ikifika nyuzi 1 au zaidi, siku hiyo inaanza kuhesabiwa.

Hesabu yenyewe ndiyo DHW, ambayo tunaweza kuiita nyuzi-wiki. Chukua siku 84 zilizopita, yaani wiki 12. Kwa kila siku ambayo HotSpot ilifika 1, gawa HotSpot hiyo kwa 7, kisha jumlisha. Mfano wa karatasi: tuseme MMM ya mahali ni nyuzi 29.0. Maji yakakaa 30.2 kwa siku 14. HotSpot ni 1.2, na jumla inapata 2.4. Yakashuka kidogo hadi 29.8 kwa siku 14 nyingine. HotSpot ni 0.8, haifiki 1, kwa hiyo jumla haiongezeki hata punje. Kisha yakapanda hadi 30.5 kwa siku 10. Hapo zinaingia 2.14. Jumla ni 4.54, na kituo chako kimeshaingia ngazi ya kwanza ya tahadhari.

Angalia zile siku 14 za katikati. Kwa mashine ni kama hazikuwepo. Kwa tumbawe ambalo tayari limechoka, maji ya 29.8 si mapumziko. Ni kasoro ya hesabu inayojulikana, nayo ndiyo sababu ya miamba mingine kupauka kabla DHW haijafika 4.

Jambo moja linastahili sifa. Hiyo MMM haisogezwi mbele kila bahari inapozidi kupata joto. Imefungwa kwenye hali ya bahari ya miaka 1985 hadi 1990 pamoja na 1993. 1991 na 1992 ziliachwa kwa sababu chembe zilizorushwa hewani na volkano ya Pinatubo, Ufilipino, zilivuruga vipimo vya satelaiti. Huduma nyingine za hali ya hewa husogeza kigezo chao cha "kawaida" kila baada ya miaka kadhaa, na kidogo kidogo joto jipya linaitwa kawaida. Matumbawe hayana mkutano wa kupitisha kigezo kipya. Ukiona ramani mbili za joto zinapingana, angalia kwanza kila moja imetumia miaka gani kama msingi, na usichanganye namba zake.

Ngazi za tahadhari, na kwa nini ziliongezwa

HotSpot ikiwa chini ya sifuri, hakuna shinikizo. Ikiwa kati ya 0 na 1, ni kuangalia, rangi ya njano. Ikifika 1 huku DHW ikiwa chini ya 4, ni onyo, rangi ya chungwa. DHW 4 hadi 8 ni Ngazi ya 1, rangi nyekundu: tarajia kupauka kwa mwamba mzima. DHW 8 hadi 12 ni Ngazi ya 2: kupauka pamoja na vifo vya matumbawe dhaifu kwa joto.

Kwa miaka mingi orodha iliishia hapo. Kisha likaja joto la 2023 katika Karibi na Florida, ambako DHW ilivuka 20 mahali kadhaa, na ramani ikabaki na rangi moja tu ya juu kwa maji ya 9 na maji ya 22. Ndipo NOAA ikaongeza ngazi tatu: ya 3 kwa DHW 12 hadi 16, vifo vya aina nyingi, ya 4 kwa 16 hadi 20, vifo vya zaidi ya nusu ya matumbawe, na ya 5 kwa 20 na kuendelea, ambapo zaidi ya asilimia 80 yanaweza kufa. Tarehe 15 Aprili 2024 NOAA pamoja na ICRI, ushirika wa kimataifa wa miamba ya matumbawe, zikatangaza tukio la nne la kupauka duniani kote, baada ya 1998, 2010 na 2014–2017. Kenya na Tanzania zilikuwa kwenye orodha ya nchi zilizothibitishwa.

Kifaa cha kupimia kikilazimika kuongezewa alama juu ya ile iliyokuwa ya mwisho, hiyo ni habari kubwa kuliko ramani ya siku yoyote.

Kosa la kwanza: kuamini rangi wakati kusi imeshaingia

Hili ndilo kosa linalowapata wengi kwenye pwani yetu, na maelezo ya huduma hayalipigii kelele vya kutosha. Ramani ya tahadhari, ile yenye rangi ambayo kila mtu huituma kwenye WhatsApp, inataka masharti mawili kwa pamoja: DHW iwe juu, na pia HotSpot iwe 1 au zaidi. Kusi ikivuma mwishoni mwa Aprili au Mei, maji yanashuka chini ya kizingiti, HotSpot inapotea, na ramani inarudi kwenye njano au samawati. Kwa kuwa inaonyesha kiwango cha juu cha siku 7 zilizopita, badiliko linachelewa wiki moja, kisha linakuja kwa ghafla. Kituo kilichokuwa Ngazi ya 2 kinaonekana salama.

Huko chini matumbawe bado ni meupe. Wiki hizohizo, baada ya maji kupoa, ndiyo muda wa vifo, kwani wanyama walioishiwa akiba wanaendelea kufa na magonjwa yanaingia. Anayefuata rangi anasimamisha doria zake siku ambayo alipaswa kuziongeza.

Dawa yake ni kufungua ramani ya DHW, siyo ya tahadhari. DHW haiondoki maji yanapopoa. Inabaki juu na kupungua taratibu kadiri siku za joto zinavyotoka nyuma ya dirisha la siku 84. Kama kituo chako kiligonga DHW 7 katikati ya Aprili, mwezi Mei utaikuta bado iko juu hata bahari ikiwa imepoa. Andika kilele chake cha msimu ukutani ofisini. Namba hiyo ndiyo ya kuwekea ratiba ya kuhesabu vifo, na ndiyo itakayolinganishwa na miaka mingine.

Kosa la pili: kituo si mwamba

Huduma ina vituo pepe zaidi ya 200 duniani, yaani maeneo yaliyochorwa kwenye ramani, siyo vifaa vilivyo majini, na pwani ya Afrika Mashariki imo. Ukigusa alama ya kituo unapata saa za kupimia zinazoonyesha hali ya leo na utabiri wa wiki 1–4, 5–8 na 9–12, pamoja na grafu ya joto na DHW. Vizuri sana, na kwa simu yenye intaneti dhaifu ukurasa huo ni mwepesi kuliko ramani.

Ila namba ya kituo si wastani wa eneo lake. Ni kiwango cha asilimia 90: zipange HotSpot za vijisanduku vyote vya kituo kutoka ndogo hadi kubwa, kisha chukua ile inayozidi tisa katika kila kumi. Imefanywa hivyo makusudi ili tahadhari isichelewe, na ni uamuzi wa busara. Lakini kituo kimoja kinaweza kubeba kipande kirefu cha pwani, na mwamba wako ukiwa kwenye upande wenye baridi, kituo kitasema Ngazi ya 2 huku kwako bado ni onyo. Pale Mkondo wa Pemba, ambako kina ni kirefu na maji baridi yako karibu na juu, tofauti hiyo si ndogo. Hifadhi kama Kisite-Mpunguti haipaswi kuamua mambo yake kwa namba ya kituo pekee.

Kwa hiyo tumia kituo kukuamsha, kisha nenda kwenye ramani ya kilomita 5, au faili ya Google Earth, ukasome kijisanduku cha mwamba wako. Kisha soma na vijisanduku viwili vya upande wa bahari wazi. Kile kinachogusa ufuo hakina uhakika mkubwa: nchi kavu inachafua kipimo, na sehemu ya namba zilizomo imekadiriwa kutoka kwa jirani. Mawingu nayo hufunika pwani siku nyingi za masika, na huduma hujaza mapengo yenyewe. Namba haitakosekana, lakini siku tatu za mawingu mfululizo zisikufanye ubishane kuhusu nusu nyuzi.

Kila kituo pia kina faili ya maandishi matupu, na hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote ambacho watu hawakijui. Mistari ya mwanzo inakupa MMM ya kituo. Baada yake kila mstari ni siku moja kuanzia 1985: tarehe, joto la chini na la juu, joto na HotSpot ya asilimia 90, DHW, na ngazi ya tahadhari. Ifungue kwa Excel, igawanye kwa nafasi, kisha tafuta kilele cha DHW cha kila msimu. Usihesabu Januari hadi Desemba. Kwetu msimu unavuka mwaka, hivyo hesabu kuanzia Novemba hadi Juni. Kazi ya nusu saa, na mwisho wake una historia ya joto ya eneo lako kwa miaka 40 bila kumwomba mtu yeyote.

Utabiri wa miezi minne

Ukurasa wa utabiri unasasishwa kila wiki na hutumia modeli ya hali ya hewa ya Marekani iitwayo CFS. Unakuja kwa matoleo mawili, asilimia 60 na asilimia 90, na hapo ndipo watu wanapokwama. Asilimia 60 si nafasi ya matumbawe kupauka. Maana yake ni kwamba asilimia 60 ya majaribio ya modeli yalitoa ngazi hiyo au kali zaidi. Toleo la 90 linaonekana poa kila mara kwa sababu linataka majaribio tisa katika kumi yakubaliane.

Tumia la 60 kwa mambo yasiyo na gharama: kuita wapiga mbizi, kuchaji kamera, kuandaa karatasi. Tumia la 90 kwa mambo yanayouma mfuko, kama kufunga eneo la kuvulia au kuhamisha vitalu vya matumbawe. Vijisanduku vyake ni vikubwa, kilomita 50 hivi, basi usitafute mwamba wako humo. Likionyesha Januari kuwa Aprili itakuwa nyekundu kwa asilimia 90, lichukulie kwa uzito. Likionyesha nyekundu ukiwa bado Novemba, subiri wiki nne uone kama linarudia.

Ambacho namba haiwezi kukuambia

Timothy McClanahan, mtafiti aliyefanya kazi pwani ya Kenya kwa miongo mingi, pamoja na wenzake walipima kupauka kwa 2016 kutoka Afrika Mashariki hadi Fiji. DHW peke yake ilieleza asilimia 9 tu ya tofauti kati ya eneo na eneo. Walipotumia kilele cha joto, urefu wa vipindi vya maji baridi, na namna joto la mahali linavyopanda na kushuka, walieleza kama asilimia 50. Mwamba uliozoea maji yanayobadilika unaweza kuvumilia DHW 6, na jirani yake aliyelelewa kwenye maji tulivu akapauka kwa 3.

Aina nazo zinatofautiana. Acropora na Pocillopora, zile za matawi, hupauka kwanza na kufa kwa wingi. Porites, zile kubwa za mviringo kama majabali, hustahimili. Miamba miwili yenye DHW sawasawa, mmoja wa matawi na mwingine wa majabali, itakupa ripoti mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana kabla ya kulaumu satelaiti, jua mwamba wako umejengwa na nini.

Huduma pia haioni kilicho chini ya ngozi ya maji, wala ukali wa mwanga, wala maji matamu ya mto uliofurika. Kifaa kidogo cha kurekodi joto, kilichofungwa kwa waya wa plastiki kwenye mwamba wa mita 3 na kingine mita 10, kikiandika kila nusu saa, kinaziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Kifunge kivulini, jua likikipiga moja kwa moja kitasoma joto la ganda lake. Kabla ya kukizamisha na baada ya kukitoa, kitumbukize kwenye ndoo ya maji na barafu: kisiposoma karibu na sifuri, namba zake zote zina walakini.

Kwa rangi ya matumbawe, kadi ya CoralWatch kutoka Chuo Kikuu cha Queensland inatosha. Ina makundi manne ya rangi, kila moja na hatua sita. Unachagua sehemu nyeupe kuliko zote ya tumbawe, siyo ncha inayokua kwani hiyo ni nyeupe siku zote, unazungusha kadi hadi rangi ilingane, unaandika. Kisha sehemu yenye rangi nzito. Angalau matumbawe 20 kwa safari moja, aina ileile, kina kilekile. Rangi ikishuka hatua mbili au zaidi toka safari iliyopita, kuna kinachoendelea. Kadi hii na DHW kwa pamoja ni bora kuliko kila kimoja peke yake.

Na kwa Bahari ya Hindi ya Magharibi, CORDIO Afrika Mashariki, iliyoko Mombasa na iliyozaliwa kutokana na maafa ya 1998, hukusanya ripoti za walioko majini na kutoa taarifa katika msimu wa joto. Ukiona mwamba umepauka, ripoti yako ipeleke huko. Satelaiti haitaiona.

Ukishaona nyekundu, ufanye nini

Kwenye njano, piga picha za vituo vyako vya kudumu. Bila picha za kabla, picha za baada hazisemi kitu. Kwenye chungwa, nenda majini kila wiki na uache kupandikiza matumbawe. Kwa kweli, Desemba hadi Mei hakuna sababu ya kupandikiza hata kipande kimoja kwenye pwani hii. Kwenye Ngazi ya 1, shusha kamba za vitalu mita kadhaa chini, punguza wazamiaji na boti zinazotia nanga, na zungumza na wavuvi kuhusu pono, tasi na kangaja. Hawa ndio wanaokula mwani unaoota juu ya mifupa. Baada ya kilele, hesabu vifo mwezi wa tatu na wa sita, siyo mara moja tu wiki ya kwanza ambapo kila kitu ni cheupe na hujui kipi kitaamka.

Suala la samaki hao ndilo linalounganisha ramani hii na kile wanasayansi wanachokiita kizingiti: mahali ambapo mfumo ukivuka haurudi ulikotoka hata kisababishi kikipungua. Shelisheli ndiyo mfano bora. Mwaka 1998 visiwa vyake vya ndani vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Mtafiti Nick Graham na wenzake waliifuatilia miamba 21 kwa miaka 17. 12 ilirudi kuwa ya matumbawe, 9 ikageuka kuwa mashamba ya mwani. Joto lilikuwa lilelile. Kilichotofautisha ni kina cha maji, mwamba kuwa na mapango na mabonde badala ya kuwa bapa, wingi wa watoto wa matumbawe, na samaki walao mwani. Mwani ukishatawala, mbegu za matumbawe hazipati pa kushika, mifupa inasagika, mwamba unabapa, na ubapa huo ndio unaozuia kurudi. Mlango umefungwa kwa ndani.

Huko huko Shelisheli mitego haikurudi mitupu. Tasi waliongezeka kwa sababu chakula chao kiliongezeka, ila uvuaji ukawa wa kubahatisha zaidi: leo kingi, kesho patupu. Kwa mvuvi mwenye mkopo wa boti, hilo ni jambo tofauti kabisa na "samaki bado wapo". Mwamba bapa pia hauzuii mawimbi kama zamani, na mwamba mzima huvunja kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufuoni.

Oktoba 2025, ripoti ya vizingiti vya dunia iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Exeter, ikiwa na wanasayansi 160 kutoka nchi 23, iliweka kizingiti cha matumbawe ya maji ya joto kwenye ongezeko la nyuzi 1.2 juu ya joto la dunia la kabla ya enzi ya viwanda, kati ya 1 na 1.5. Dunia tayari iko karibu 1.4. Kabla yake, David Obura wa CORDIO na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba miamba yote ya Bahari ya Hindi ya Magharibi iko hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Kwa msomaji wa DHW, maana yake ni ya vitendo: muda kati ya joto moja na lingine. Matumbawe ya matawi yanahitaji kama miaka 10 kujijenga upya. Katika miaka ya 1980 mwamba ulipata pigo kubwa kila baada ya miaka 25 hadi 30. Kufikia 2016 ilikuwa kila miaka 6. Ndiyo maana faili ile ya maandishi ina thamani kuliko ramani. Chora vilele vya msimu kwa msimu, weka mstari kwenye 4 na mwingine kwenye 8, kisha hesabu miaka kati ya kilele na kilele. Coral Reef Watch haikuchorei hilo. Ilipaswa kukuchorea.

Nani aitumie, nani asihangaike nayo

Hifadhi, BMU zenye maeneo ya kufungwa, miradi ya vitalu, maduka ya kuzamia na watafiti: ndiyo, bila kusita. Wanaoendesha watalii wanaweza kuitumia hata kwa kupanga safari, kwani mteja akionyeshwa mwamba mweupe bila kuelezwa hataelewa alichokilipia.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, hapana. Tatizo lao ni joto la maji ya kina cha magoti, na kwenye pwani hii maji ya bamvua hutoka kabla ya adhuhuri, hivyo mabwawa yanabaki chini ya jua kali la mchana. Cottonii, aina ya mwani wanaoulima, inauawa na saa chache za hapo, na kijisanduku cha kilomita 5 kinaona bahari ya nje tu. Kipimajoto cha bei ndogo mkononi kitawafaa zaidi.

Jisajili kwa arifa za barua pepe mwezi Novemba, kabla hujazihitaji. Chagua kituo chako na cha jirani upande wa kusini. Ujumbe huja pale ngazi inapobadilika, kupanda au kushuka. Ule wa kushuka wa mwezi Mei ndio wa kuufungua, kuusoma, kisha kwenda majini.